Wewe Hukuulizwa, Mimi Nimeulizwa

Mume wangu, Baba Rebeka,

Ninakuandikia nikiwa katika wodi ya wanawake, mchana, kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha. Kesho asubuhi daktari atalifungua goti langu la kushoto na kuuunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, iwe mifupa miwili imekuwa mmoja. Goti hilo halitakunjika tena mpaka siku watakaponilaza kando yako. Wewe uliujua mguu wa namna hiyo kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu, na ndiyo sababu maneno haya nayaelekeza kwako, wala si kwa mtoto wetu wala kwa mchungaji.

Ninaogopa. Nimetafuta neno lenye heshima zaidi, sikulipata. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule waliokuja bila taarifa, na sikutetemeka. Nimemfukuza nyoka darasani kwa rula ya ubao. Leo muuguzi alipokuja kunipima mapigo ya moyo alitazama saa yake mara ya pili, akaniuliza kama nilikuwa nimetoka kutembea.

"Nimelala hapa tangu asubuhi," nikamwambia.

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nashangaa."

Akaandika alichoandika, akaenda zake. Nami nikaanza kukukumbuka.

Unakumbuka miaka ile miwa ilipotufikia mlangoni? Watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa hadi ukutani. Tulipofungua dirisha la chumba chetu, majani ya miwa yaliingia ndani kama jirani asiyebisha hodi. Ulikuwa msimamizi wa uvunaji wakati huo, na ulipanda trela kukagua namna ilivyopakiwa, mnyororo ukakatika, ukateleza pamoja na miwa. Hukuvunjika. Ulicheka, ukajipangusa, ukarudi kazini. Goti ndilo halikucheka. Lilivimba, likapungua, likavimba tena, msimu baada ya msimu, hadi ukawa huwezi kulala ila umeweka mto chini yake.

Ndipo ukapelekwa katika hospitali ile ya mbali, ambayo sitaitaja. Daktari alipita vitandani akifuatwa na kundi la watu, akalishika goti lako, akasema, "Tutalitengeneza." Hakusema neno jingine. Mimi na wewe tulifurahi. Kwetu kitu kilichotengenezwa ni kitu kinachofanya kazi yake, na kazi ya goti ni kukunjika.

Ulikaa na plasta kutoka kwenye paja hadi kwenye kifundo cha mguu kwa muda mrefu, mpaka ukawa unaitania kwamba ni mke wa pili. Siku ya kuitoa nilikuwa nimesimama kando yako. Muuguzi alikata kwa mkasi ule mkubwa, plasta ikapasuka, mguu ukatoka mwembamba na mweupe kama muhogo uliomenywa. Ukajaribu kuukunja. Haukwenda.

"Dada," ukamwuliza, "nitaukunja lini?"

"Ukunje nini, mzee? Goti hili limefungwa. Hukuambiwa?"

 Uligeuka ukanitazama mimi. "Wewe uliambiwa?"

"Sikuambiwa."

 Nilikuvisha soksi kwa sababu hukuweza kuufikia unyayo wako mwenyewe, na nadhani hapo ndipo wote wawili tulipofahamu.

Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Nataka niliseme hilo kwa haki. Alikuondolea maumivu yaliyokuwa yakikutafuna, na ulitembea kwenye mashamba ya watu kwa miaka mingi bila kusimama kupumzika. Na sisi hatukumwuliza lolote. Enzi zile daktari alikuwa kama mvua: ikinyesha umenyeshewa.

Ulivyoishi na mguu ule, nani angeweza kulisahau? Kanisani uliunyoosha kwenye njia ya katikati, na wakusanya sadaka wakawa wanauruka kama kijito. Baiskeli ulikataa kuiacha. Ulitoa kanyagio moja, na ile nyingine ukaifunga mpira wa tyubu ili mguu mzima uweze kuisukuma chini na kuivuta juu, na mguu wako mgumu ukautoa kando kama tawi. Vijana waliokaa juu ya matrela ya miwa walikuwa wakikungoja barabarani.

"Mzee! Unakata kona ama unaenda moja kwa moja?"

"Nakata kona!" ukawajibu. "Nimeanza kuikata kabla hamjazaliwa!"

Ulicheka nao. Lakini jioni moja tukila, bila mimi kusema neno, uliweka tonge lako chini ukaniambia, "Maumivu yamekwisha, Mama Rebeka. Silalamiki. Lakini laiti wangeniuliza."

"Wangekuuliza, ungejibu nini?"

Uliligeuza lile tonge kwa kidole. Ukasema, "Sijui. Mtu hujua akiulizwa." Kisha ukaomba mboga.

Jambo lile sikulifikiria tena mpaka zamu yangu ilipofika.

Goti langu unalijua. Ugonjwa wa utotoni ulilila kutoka ndani, nikapona, nikalibeba hivyo hivyo, nikafundishia juu yake. Tangu ulipoondoka limekuwa jingine. Mfupa unasaga mfupa, usiku nausikia. Rebeka alinichukua kukaa kwake mtaa wa Shieywe kwa muda, na nilikuwa nikiuma pindo la blanketi ili asinisikie chumba cha pili. Alinisikia. Mtoto huyo alirithi masikio yako. Akanipeleka hospitali ya hapa Kakamega, kwa daktari wa mifupa anayeitwa Athumani.

Ni kijana. Ametoka pwani, na Kiswahili chake kilinifurahisha kabla hajaligusa goti. Aliweka picha za mifupa kwenye mwanga, akanionyesha goti zuri kwanza, kisha bovu, akangoja hadi nilipoiona tofauti mimi mwenyewe. Halafu akaniambia njia zilizopo. Tunaweza kuliacha, niendelee na fimbo na dawa, na maumivu huenda yakaongezeka. Tunaweza kuliunganisha, likiungana vizuri maumivu yatakwisha, lakini goti halitakunjika tena. Akasema kuna na njia ya tatu, goti la chuma, lakini yeye hawezi kuliweka hapa, na kwa jinsi mifupa ilivyoniharibikia, asingependa kunipa tumaini asilokuwa na hakika nalo.

Kisha akaweka mikono mezani, akasema, "Mwalimu, wewe unataka nini?"

Baba Rebeka, nilikasirika. Nilikasirika kama mtu anavyokasirika akisukumwa karibu na shimo.

"Daktari," nikamwambia, "mimi nimekuja kuambiwa."

"Nitakuambia kila ninachokijua kuhusu goti. Lakini siku yako siijui. Unaamka vipi, unakaa wapi, unainama mara ngapi, unampenda nani aliye mbali ukitaka kumfikia kwa miguu. Hayo utaniambia wewe. Mimi nikiamua bila hayo, nitakuwa nimetibu picha hii ukutani."

Nilitazama sakafu kama mwanafunzi ambaye hakusoma somo lake. Nilikuwa nimezoea kuwasimamisha wengine namna hiyo. 

Nilirudi nyumbani kijijini, na mdogo wako Zablon akaja kusikia habari. Unamjua Zablon. Tangu ulipofariki amejiona ndiye dari ya boma letu.

"Amekuulizanga wewe?" akasema. "Shemeji, huyo hajui kazi. Makanika haulizangi gari!"

"Haulizi, Zablon."

"Sawa, haulizi. Lakini umenisikia."

"Nimekusikia. Na mimi si gari."

"Gari ni bora. Gari haijibizani." Akacheka peke yake, kisha akawa mpole. "Shemeji, hii ni maneno kubwa. Wacha nimwite hapa, nimpe heshima, aamue kama mwanaume."

Akamwita. Alikwenda hadi hospitali kumwalika chakula cha Jumapili, na daktari, kwa mshangao wangu, akakubali. Zablon akampeleka jogoo kwa jirani yetu Mwislamu amchinje, ili mgeni ale kwa amani. Nikasonga obusuma, ugali wetu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, goti likinichoma.

Alipofika alisalimia wote, akakaa, akasimama. "Kabla ya chakula," akasema, "ningependa Mwalimu anionyeshe anapoinama."

Nilimwonyesha jiko la mafiga. Akaniomba niketi kwenye kigoda na nisimame, nami nikasimama kama ninavyosimama siku zote, kwa kuukumbatia mlango. Alikitazama kitanda akakipima kwa kiganja. Aliitazama ngazi ya nyuma. Kisha akauliza choo kiko wapi.

Zablon akashika kichwa. "Daktari, mgeni hapelekwangi chooni kabla hajakula!"

"Basi nitakula nikirudi, mzee wangu."

Mbele ya choo cha shimo nilitaka ardhi inifunike. Mtoto wa watu, daktari, amesimama pale kwa utulivu, ananiuliza ninavyochuchumaa! Lakini hakuona haya, na kwa hiyo yangu ikapungua. Nilikuwa nimemsimulia habari zako. Akaniuliza, "Marehemu aliwezaje kukitumia choo hiki, mguu wake ukiwa umenyooka?"

 Miaka yote ile sikuwahi kukuuliza. Ulikuwa ukienda peke yako, ukikawia, ukirudi unapiga mluzi.

Tulikaa kula. Zablon akaomba, akarefusha, akamwombea daktari mikono yake. Kisha akaichukua firigisi kwa vidole viwili, hiyo imondo yetu, akaiweka kwenye sahani ya mgeni.

"Hii ni yako, daktari."

"Ahsante. Ina maana gani? Naona kila mtu ananitazama."

"Anayekulanga hii ndiye mwenye nyumba. Akisema, imesemwa. Leo wewe ndio mkubwa hapa. Kula, halafu utwambie huyu mama afanywe nini."

Daktari aliitazama. Sijui kama alikuwa ameelewa jambo zito alilopewa, maana kwao si desturi. Akauliza kwa upole, "Mzee Zablon, mguu huu ni wa nani?"

"Ni wake. Ni wa nani mwingine?"

"Basi imekosea sahani." Akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu.

Baba Rebeka, unajua nilivyolelewa. Mama yangu huko Mautuma hakuonja kuku maisha yake yote, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Mimi nilimla kuku nilipokwenda chuo cha ualimu, kwa siri, nikiogopa nitaota ndevu. Lakini firigisi sikuigusa kamwe. Ilikuwa yako, na ulipofariki ikawa ya Zablon, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa ilikuwa mbele yangu, ndogo, ya kahawia, inatoa mvuke.

"Daktari!" Zablon akasema. "Hiyo ni ya wanaume!"

 Nikaila. Isidhaniwe kwamba nilikuwa jasiri. Niliila kwa sababu kilichotoka mkononi mwa mgeni hakirudishwi, na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Ilikuwa ngumu. Nilitafuna, na wote wakaitazama taya yangu, hadi nilipomeza.

Zablon akavuta pumzi. "Haya," akasema. "Sasa usituulize sisi."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Tangu saa ile kila niliyemtafuta anishauri alinirudishia swali langu. Rebeka alisema, "Mama, nitakuwa nawe lolote utakaloamua." Zablon alisema, "Shemeji, ulikula." Nyumba nzima ilinyamaza, nami nikakaa katikati ya ule ukimya na goti langu. Nimewahi kuona upweke ulipofariki. Huu ulikuwa wa namna nyingine. Wakati ule niliachwa na mtu. Mara hii niliachwa na amri: hakuna aliyekuwa tayari kuniamrisha.

Nilirudi kwa daktari nikamwambia ukweli: "Naogopa kusema ndiyo, na naogopa kusema hapana. Mume wangu alifungwa goti, nikaona alivyoishi. Lakini kuona si kuishi."

Akafurahi, kana kwamba nilikuwa nimepata jibu sahihi. "Basi ishi kwanza," akasema. "Nitakufunga plasta, mguu umenyooka, kana kwamba nimekwisha kuliunganisha. Nenda nao nyumbani. Pika, lala, nenda kanisani, nenda chooni. Kisha rudi uniambie. Plasta inatoka, Mwalimu. Mfupa ukishaungana, hautaachana."

Ndivyo nilivyouvaa mguu wako.

Usiku wa kwanza sikuumwa. Niliamka kwa hofu, nikadhani mguu umekufa, nikaugonga kwa kifundo cha kidole kama mlango. Ulikuwa hai. Ulikuwa tu umenyamaza. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipoamka bila kuumwa, na nililia, ikanishangaza kwamba naweza kulia kwa ajili ya kitu kisichokuwepo.

Asubuhi nikaenda chooni. Nilisimama pale nisijue nianzie wapi. Mguu ulitaka kwenda mbele, mwili ulitaka kwenda nyuma, nikapepesuka, nikarusha mkono juu kutafuta cha kushika, na mkono ukakutana na kamba. Ile kamba ya katani iliyofungwa kwenye boriti. Miaka yote nilidhani ni ya kutundikia taa, na mara nyingi nilitaka kuiondoa kwa kuwa inachafua sura ya choo. Nikaikamata. Ilinishusha polepole, ikanipandisha. Mahali pa kushikia palikuwa pamelainika kama mpini wa jembe.

Hukuniambia. Ulikwenda ukaifunga peke yako, na ukarudi unapiga mluzi.

Nilijifunza na mengine. Nilijua kwa nini ulikataa kigoda misibani hata watu wakakuona una kiburi. Nilijua kwa nini ulilala upande wa ukutani, ili mguu uegemee ukuta. Kanisani niliunyoosha mguu kwenye njia ya katikati, na mkusanya sadaka, ambaye sasa ni mtu mzima, akauruka, akaniinamia akanong'ona, "Mwalimu, kile kijito kimerudi." Nilitaka kumkaripia, lakini nilicheka hadi mchungaji akanitazama. Na Zablon alikuja na matofali akaliinua jiko langu hadi kiunoni, ili nipike nimesimama. Alipomaliza akafuta mikono. "Jiko la shemeji limepandishwa cheo," akasema. Huo ndio ushauri pekee aliowahi kunipa baada ya Jumapili ile.

Lakini nilianguka pia. Vidole vya mguu ule vilikuwa vinakwaruza ardhi kila nilipopiga hatua, kwa sababu mguu ulionyooka kabisa ni mrefu mno kwa njia zetu. Nilianguka kwenye barabara ya miwa, trekta likija nyuma yangu, matrela yakiyumba. Dereva alikanyaga breki akashuka mbio, akaniinua, akanitukana kwa woga wake, kisha akaniomba radhi kwa matusi hayo. Nilikaa ukingoni mwa barabara muda mrefu, vumbi mdomoni. Niliwaza kwamba nikisema ndiyo, hofu hii ya kuanguka ndiyo itakayokuwa mwenzangu wa kila siku. Nikisema hapana, nitarudi kwenye pindo la blanketi.

Nilimweleza daktari yote, hata kamba, hata matusi ya dereva. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikamwuliza, "Ni lazima linyooke kama mwiko? Mume wangu lilinyooka kama mwiko." Akasema si lazima, linaweza kuungana likiwa limekunjwa kidogo, mguu utafupika kidogo, na vidole havitakwaruza. "Kidogo kiasi gani?" akaniuliza. Nikakaa kwenye benchi lake nikamwonyesha. Akaikata plasta ile ya kwanza, akanifunga plasta nyingine kwa mkunjo huo nilioutaka mimi, nikaishi nao huo pia. Sikuanguka tena.

Nikamwambia, "Unganisha. Hivi hivi."

Akanitajia mabaya yanayoweza kutokea, bila kunificha. Mifupa inaweza kukataa kuungana. Kidonda kinaweza kufanya usaha. Dawa ya usingizi ina hatari zake, na kwa umri wangu ni kubwa zaidi. Nilisikiliza yote mgongo wangu umenyooka. 

Na sasa niko hapa. Upepo ukigeuka, harufu ya miwa iliyochomwa inaingia dirishani, na wanawake wa vitanda vingine wanalalamika juu ya masizi kwenye shuka. Maisha yanaendelea huko nje kwa kishindo, matrekta hayanyamazi. Mimi ninaitazama miguu yangu miwili chini ya blanketi, na huu wa kushoto, ambao plasta yake imeondolewa, ninaukunja. Unauma. Ninaukunja tena. Ni kama kumsindikiza mtu ambaye hujui kama mlielewana.

Daktari alikuja punde hivi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema, "Mwalimu, bado unaweza kurudi nyumbani. Hakuna atakayekulaumu."

"Umekwisha kuniuliza," nikamwambia kwa ukali. "Nimekwisha kukujibu."

"Ni kweli. Na kesho, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nitakuuliza tena."

Alipoondoka nilitaka kumwita. Nilitaka kumwambia: niamrishe tu. Sema "tutalitengeneza", upite, na watu wakufuate. Nilikutamani wewe, na niliitamani hata bahati yako mbaya, kwamba ulilala usiku wa kuamkia upasuaji ukikoroma, kwa sababu hukujua na hukuwa na la kuamua. Mimi sitakoroma leo.

Ulisema mtu hujua akiulizwa. Nimeliweka neno lako kwenye mizani, na naona ni kweli nusu. Nilijua nilipokuwa kwenye benchi lake nikimwonyesha mkunjo. Jana sikujua. Leo asubuhi nilijua hadi chai ilipoletwa. Sasa hivi sijui kabisa. Inawezekana wewe nawe ungekuwa hivyo hivyo, na kwamba hukuninyima jibu jioni ile. Lakini nimelipata jambo moja ambalo hukulipata, mume wangu, nami sitaki kulipoteza kwa kutetemeka: hata nikiamka nimeharibikiwa, sitamgeukia mtu nimwulize kama aliambiwa.

Muuguzi amesema kesho alfajiri atanipa kidonge cha kunituliza kabla sijapelekwa. Nimemwomba akicheleweshe. Amesema si kawaida, wagonjwa wote hukitaka. Nikamwambia mimi nitakitaka pia, na kwa pupa, lakini baada ya mlango. Daktari akiniuliza, nataka nimjibu nikiwa na hofu yangu yote, isipungue hata kidogo, ili nijue kwamba aliyejibu ni mimi.

Pumzika pema, wewe uliyeenda mbele. Kama nitaamka, Rebeka atakuja kukuambia kaburini. Kama sitaamka, utakuwa umekwisha kujua.

Mkeo,
Mama Rebeka